Wagongaji wa Mtaa wa Subira

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipakani na yetu, wala raia wake hawafanani nasi hata kidogo, kwa hiyo msomaji na akae kwa raha zake. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina kiongozi anayeitwa Mtukufu Mfunguzi, kwa sababu kazi yake kubwa ni kufungua miradi. Hufungua asubuhi, hufungua mchana, na siku ambayo mradi mpya umekosekana hufungua upya ule wa mwaka jana. Mkasi wa kukatia utepe una gari lake na dereva wake, na dereva ana msaidizi.

Katika yote aliyowahi kuyafungua, hakuna lililompendeza kama Bomba Kuu la Mtaa wa Subira. Bomba hilo lilikuwa la plastiki. Zamani walitumia mabomba ya chuma, lakini chuma kilikuwa na tabia mbaya: mtu yeyote mwenye mashine ya kupimia angeweza kupita juu ya ardhi, mashine ikalia, na papo hapo ikajulikana kama bomba lipo au halipo. Plastiki haina umbea huo. Ukishaifukia imefukika, na mashine inapita juu yake kimya kama inayopita juu ya mchanga mtupu. Wataalamu walioleta bomba walishauri lifukiwe pamoja na waya wa shaba, ubavu kwa ubavu, ili mashine ipate cha kuhisi siku za mbele. Waya uliagizwa, ukafika, ukapokelewa kwa ngoma na matarumbeta. Baada ya hapo ulipata kazi nyingine. Wake wa wakubwa wa nchi ile wanapenda sana bangili za shaba.

Maji hayakufika Subira. Wananchi, kwa papara zao, wakaanza kuchimba huku na huku watazame yamekwamia wapi. Serikali ilihuzunika sana. Ikatunga Sheria ya Heshima ya Udongo, isemayo kwamba kuchimba ardhi ambayo Mtukufu Mfunguzi ameikatia utepe ni sawa na kumwita mwongo mbele ya wageni. Makaburi yaliruhusiwa, ila kwa kina cha kuzikia tu, na mkaguzi asimame pembeni mpaka udongo urudi.

Basi ikabidi mabomba yatafutwe bila kuchimba. Ndipo ilipozaliwa Idara ya Usikivu, na humo ndimo alimokuwa akifanya kazi Shaweji.

*

Shaweji alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye masikio ya kawaida kabisa. Kazi yake haikuwa na miujiza. Bomba la plastiki haliitikii mashine ya kupimia chuma, lakini ukiligonga mahali linapojitokeza, kwenye koki kwa mfano, mlio hupita ndani yake na kupanda kidogo kidogo hadi juu ya udongo. Mtu mmoja hugonga. Mwenzake yuko mbali huko, amevaa visikilizio masikioni na ameshika sahani ya kunasia sauti. Anaiweka chini, anasikiliza, anaisogeza, anasikiliza tena. Pale mlio unapokuwa mkubwa kuliko kwingine, bomba liko chini ya nyayo zake. Anatia doa la rangi ya buluu, anasonga mbele. Madoa yakiungana, hiyo ndiyo njia ya bomba, na hakuna jembe lililoinuliwa.

Mgongaji wake aliitwa Pazi. Walifanya kazi pamoja tangu idara ianze, lakini hawakuwahi kukaa wakazungumza. Palikuwa na Kanuni ya Umbali: msikilizaji asifike kwa mgongaji, wala mgongaji kwa msikilizaji, wasije wakala njama. Gari la idara lilimshusha mmoja hapa, likampeleka mwingine kule. Shaweji alimjua Pazi kwa mkono wake tu: kishindo kizito, kingine kizito, halafu kimoja chepesi cha mwisho, kama mtu anayefunga mlango taratibu asiamshe mtoto. Siku Pazi akiwa na homa, Shaweji alijua. Siku akiwa amegombana nyumbani, alijua pia, maana hata kile chepesi kilikuwa kizito.

Nyumbani kwa Shaweji mwenyewe hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Mkewe alikwishaondoka zamani, akisema amechoka kuishi na mwanamume ambaye kila akisemeshwa anainamisha kichwa upande, na kisha hajibu. Kwa hiyo mlio wa Pazi ndio uliokuwa salamu yake ya asubuhi. Aliungoja, na ukifika alifurahi.

Pazi alipokufa, Shaweji alikwenda mazikoni. Walipofunua sanda kidogo ili watu waage, ndipo alipouona vizuri uso wa mwenzake kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwembamba kuliko alivyomfikiria, na ndevu zake zilikuwa zimekatwa vizuri. Baadaye akajitambulisha kwa mjane.

"Wewe ndiye Shaweji?" mjane akashangaa. "Kumbe upo kweli! Marehemu alikuwa akijiuliza kila siku kama kuna mtu upande wa pili."

Shaweji alikula wali wa msiba, akarudi kwake na maneno yale.

Kesho yake akaenda kwa Katibu wa idara kuomba mgongaji mwingine.

"Mgongaji unaye," akasema Katibu.

"Lakini mheshimiwa, tumemzika jana."

"Ninyi mmemzika. Idara haijamzika. Idara ina utaratibu wake wa kuzika, na haujakamilika."

"Sasa nani atagonga?"

"Bwana Shaweji," Katibu akasema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "kazi yako ni kusikiliza. Habari za kugonga zinakuhusu nini?"

Tangu hapo Shaweji akawa anafanya zote mbili. Anagonga koki kwa nguvu zake zote, anachomoka mbio, anavaa visikilizio huku anahema, anajitupa chini na sahani yake. Mlio ulikuwa umekwisha kupita zamani. Alichosikia ni moyo wake mwenyewe ukidunda, na mara moja alikaribia kuutilia doa la buluu.

*

Hali ikiwa hivyo, siku moja akaitwa na Waziri wa Mambo ya Chini, Mheshimiwa Mgumia. Mheshimiwa Mgumia alikuwa mnene, mcheshi, na alipenda kuhutubia hata mbele ya watu wawili.

"Ndugu zangu," akawaambia Shaweji na Katibu, "wafadhili wanakuja. Ni wale waliotupa bomba, na wana tabia ya kuuliza bomba liko wapi. Ni swali la kitoto, lakini serikali yetu ni sikivu, tutawajibu. Nataka kuona madoa ya buluu kutoka tangi la mjini hadi Mtaa wa Subira. Yakifika Subira, mtaa utabaki na heshima yake. Yasipofika, itabidi tukubali kwamba Subira haipo."

"Haipo vipi, mheshimiwa?" Shaweji akauliza. "Si kuna watu kule?"

"Fikiri vizuri. Bomba lilipelekwa Subira. Bomba haliwezi kuwa na makosa, kwa kuwa limefunguliwa na Mtukufu. Kwa hiyo kama halionekani, mwenye makosa ni mtaa. Tingatinga litapita kabla wageni hawajafika, na hakuna atakayeuliza maji ya mahali ambapo hapapo."

"Na Sheria ya Heshima ya Udongo, mheshimiwa?"

"Tingatinga halichimbi," akasema Mheshimiwa Mgumia. "Linasawazisha."

Shaweji akatoka. Subira hakuwahi kufika, lakini aliwafikiria watu wa kule, wamelala kwenye vitanda vyao, hawajui kwamba nyumba zao zimening'inia kwenye masikio ya mtu mmoja ambaye hana hata mgongaji.

Haki ya Mungu, serikali haikumwachia mzigo peke yake. Ilimpa Naibu Mkurugenzi wa Vijiti, bwana mmoja aliyetembea kwa madaha ameshika kijiti cha panda, kile kisemwacho huinama penye maji, na kijiti kikainama kwa heshima mbele ya jiko la hoteli kubwa kuliko zote, kila siku saa za chakula. Ilikuwapo pia rada ya ardhini, ile ya kusukuma kwa magurudumu, yenye uwezo wa kuona hata plastiki. Lakini rada hiyo Mtukufu aliifungua ikiwa bado ndani ya kasha lake, na baada ya hapo nani angethubutu kufungua kitu ambacho Mtukufu amekwisha kukifungua?

Shaweji akaanza tangini peke yake. Mwanzo haukuwa mgumu, maana maji yaendayo yana uvumi wao na hayahitaji kugongewa. Akaufuata uvumi ule, doa baada ya doa, akapita nyuma ya soko, akapita kando ya uwanja wa gwaride, mpaka akafika kwenye ukuta mrefu wenye maua juu. Ulikuwa ukuta wa nyumba ya Mheshimiwa Mgumia. Hapo uvumi ukakunja kona, ukaingia ndani. Shaweji akasikia maji yakimwagika kwenye bwawa, na watoto wakicheka. Upande wa pili wa ukuta, kuelekea Subira, kulikuwa kimya kabisa.

Aliketi chini kwenye vumbi na sahani yake mapajani. Alijua sasa maji yamekwamia wapi, na ujuzi huo haukumsaidia kitu. Alichokuwa akitafuta si maji. Alikuwa akitafuta bomba, na bomba tupu ambalo hakuna anayeligonga, halina tofauti na udongo. Akalia kidogo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimwona.

Asubuhi iliyofuata akarudi palepale, kwa mazoea tu, akavaa visikilizio. Ndipo akasikia.

Ko. Ko. Ko-ko.

Akadhani ni Pazi, na nywele zikamsimama. Lakini haukuwa mkono wa Pazi. Na kabla haujakwisha ukaingia mwingine juu yake, wa haraka haraka, halafu mwingine mzito unaoburuta, halafu mwingine unaoanza, unasita, unaanza tena kama mtu mwenye kigugumizi. Bomba zima lilikuwa likiongea. Shaweji akafumba macho. Tangu Pazi afe hakuwa amesikia mtu yeyote akimwambia lolote asubuhi.

*

Sisi tunaojua mambo ya Subira tunaweza kumpa msomaji siri ambayo Shaweji hakuwa nayo. Kule, tangu siku ya utepe, palikuwa na desturi. Kila kulipokucha, kila nyumba iligonga koki yake kavu, kwa jiwe, kwa mwiko, kwa kisigino cha kiatu, ili walioko juu ya bomba wajue kuna watu chini. Na kila nyumba ilikuwa na mpigo wake, kwa makubaliano ya mtaa mzima, wakubwa wasije wakadhani ni mtu mmoja mkorofi. Wakishagonga walitega sikio. Halafu wanawake walichukua ndoo zao, wakaenda kisimani, mbali.

Kwa milio hiyo Shaweji akatia madoa yake ya buluu kutoka ukuta wa Mheshimiwa hadi kwenye kilima cha mwisho. Kutoka hapo aliona mabati ya Subira na moshi wa majiko. Akatamani kushuka awaone. Lakini hapo kilimani palikuwa na kibao cha Kanuni ya Umbali, msikilizaji asivuke, na yeye alikuwa mtumishi mtiifu. Akatia doa la mwisho, akasimama kidogo akiwatazama, akageuka.

Tingatinga halikupita. Shaweji alilala usingizi mzuri akijua hivyo.

Wafadhili wakaja, wakapangwa kwenye viti kando ya ukuta wenye maua. Kiongozi wao, mama mmoja mrefu mwenye kofia ya ukili, akaomba asikilize mwenyewe. Shaweji akamvisha visikilizio. Mama akasikiliza, macho yakamtoka.

"Kuna watu humu ndani! Wanafanya nini?"

Shaweji akafumbua mdomo, lakini Mheshimiwa Mgumia alikuwa mwepesi zaidi.

"Ni wananchi, mama. Wanashangilia maji. Huku kwetu mtu akifurahi sana hugonga."

Mama akatoa leso akajifuta machozi. Akasema katika nchi zote alizozisaidia hajawahi kushukuriwa kwa bidii namna ile. Picha zikapigwa.

Wageni walipokwenda kunywa soda, Shaweji akapiga moyo konde, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi.

"Mheshimiwa, iko koki ya kugawia maji nyuma ya ukuta wako. Ukiizungusha kidogo tu, maji yatafika Subira leo hii."

Mheshimiwa Mgumia hakukasirika. Alimwekea mkono begani.

"Yakifika, watagonga tena?"

"Hapana, mheshimiwa. Watagongea nini?"

"Na wasipogonga, tutajuaje kama bomba lipo?"

Katibu akapiga makofi, na maofisa wote wakapiga. Hapo hapo ikaamuliwa kwamba Subira isiguswe: asisumbuliwe mtu, isibomolewe nyumba, lisipelekwe hata tone, kwa kuwa maji yangeharibu ushahidi. Pale ukutani kikaanzishwa Kituo cha Taifa cha Usikivu. Kituo kilikuwa kigoda kimoja na Shaweji juu yake. Mtukufu Mfunguzi alikuja kukifungua, akakata utepe uliofungwa kati ya miguu ya kigoda.

*

Hivyo ndivyo Shaweji alivyoingia katika miaka yake mizuri. Nasema mizuri kwa sababu yeye mwenyewe aliiona hivyo. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda, akavaa visikilizio, akawasikiliza watu wa Subira. Kisha akapeleka taarifa kwa Katibu kwamba wamegonga, na redio ikatangaza: "Serikali imewasikia wananchi wa Mtaa wa Subira." Halafu ikapigwa muziki.

Akawapa majina. Mwenye ko, ko, ko-ko alimwita Mama Taratibu. Wa haraka alimwita Kiherehere. Yule mzito akawa Mzee Magogo, na mwenye kusitasita akawa Bwana Samahani. Walikuwapo wengine pia, na wote aliwajulia majina. Jioni, akila ugali wake peke yake, aliwazungumzia kwa sauti: Kiherehere leo kachelewa, sijui kaumwa, Mzee Magogo naona mkono umeanza kuchoka. Jirani aliyepita dirishani alidhani Shaweji ana wageni, akafurahi kwa niaba yake.

Mwanzoni milio ilikuwa vurugu tupu, mmoja juu ya mwingine. Kadiri siku zilivyopita ikaanza kujipanga. Kiherehere akawa anangoja Mama Taratibu amalize. Mzee Magogo akamwachia nafasi Bwana Samahani. Mwishowe wakawa wanagonga mmoja mmoja, kila mmoja kwa zamu yake, hakuna anayemkatiza mwenzake. Shaweji aliandika kwenye taarifa kwamba wananchi wa Subira wameendelea sana kwa nidhamu, wamejifunza kupokezana. Katibu akaisoma taarifa kwa Waziri, Waziri akaisoma bungeni, na wabunge wakasema laiti wao wangekuwa hivyo.

Halafu siku moja hapakuwa na mlio.

Shaweji akaitikisa sahani. Akabadilisha waya. Akainama mpaka shavu likagusa vumbi. Kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu akaenda kwa Katibu.

"Hawagongi, mheshimiwa."

"Vizuri," akasema Katibu. "Kama hawagongi, basi wameridhika."

Na redio ikatangaza kama kawaida kwamba serikali imewasikia.

Shaweji akarudi kwenye kigoda. Akavua visikilizio, akaviweka juu yake taratibu. Akayatazama madoa yake ya buluu yaliyoanza kufifia, yakishika njia kuelekea kilimani, na akaanza kuyafuata. Kilimani alikuta kibao cha Kanuni ya Umbali kimeliwa na mchwa. Akapita.

*

Subira ilikuwa na njia moja pana na nyumba pande zote mbili. Milango mingine ilikuwa imefungwa kwa kamba, mingine imeng'olewa na kuchukuliwa. Kuku hapakuwa. Mbele ya kila nyumba kulikuwa na koki, imesimama peke yake kama kisiki. Shaweji akatembea akitafuta moshi, na moshi aliouona ulitoka nyumba moja tu, ya mwisho.

Mbele yake alikuwa mwanamke mtu mzima, amejitanda kanga, anafunga mzigo kwa kamba ya katani. Jina lake lilikuwa Mwantumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa. Nimekuja mwenyewe. Mimi ndiye msikilizaji."

"Msikilizaji wa nini?"

"Wa bomba. Nawasikiliza mnavyogonga. Nilipoona kimya nikaogopa." Akatazama huku na huku. "Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani?"

Shaweji hakuyajua majina yao ya kweli, kwa hiyo akainama akagonga kwa kidole juu ya kizingiti: haraka haraka. Mwantumu akaacha kufunga mzigo.

"Huyo ni Mkasi," akasema polepole. "Alihamia kwa wanawe. Zamani hiyo."

Shaweji akagonga kizito cha kuburuta.

"Baba Ngulupa. Kisima kilimshinda, miguu. Jamaa zake walikuja kumchukua."

Akagonga kwa kusita, akaanza tena.

"Huyo ni Chimgege, seremala. Alikuwa wa mwisho kuondoka. Alilia, mtu mzima yule."

"Lakini mimi nimewasikia wote!" Shaweji akasema. "Hata juzi hapa nimewasikia, mmoja baada ya mwingine."

Mwantumu akaokota jiwe lililokuwa chini ya koki yake. Lilikuwa jiwe la mtoni, laini, limeliwa upande mmoja.

"Ni mimi, mwanangu. Nilikuwa nagonga wa kwangu kwanza, halafu naenda koki ya Mkasi, naenda ya Baba Ngulupa, mpaka namaliza mtaa. Nilisema wakubwa wakisikia mlio mmoja watajua tumekwisha."

"Mimi nilidhani mmejifunza kupokezana."

"Nipokezane na nani?"

Shaweji akakaa kwenye kizingiti. Alikuwa amempoteza Kiherehere, na Mzee Magogo, na Bwana Samahani, wote kwa mara moja, na aibu ilikuwa inamjia kutoka chini kama homa. Mwantumu alionekana kama mtu anayepiga hesabu moyoni na hesabu haimkubalii.

"Ngoja nikuelewe," akasema. "Wewe ulikuwa unasikia."

"Ndiyo, mama."

"Mwaka hadi mwaka."

"Kila asubuhi."

"Si kusikia kwa redio. Kusikia kwa sikio, hata ukajua mkono wa Mkasi na mkono wa Chimgege."

"Niliwajua wote. Nilikuwa nawapenda, mama, kusema kweli."

"Na mbona hukujibu?"

Shaweji akatafuta sababu. Ilikuwapo Kanuni ya Umbali. Ilikuwapo Idara, alikuwapo Katibu, zilikuwapo taarifa. Alitembea kila siku na nyundo mfukoni tangu enzi za kugonga na kukimbia, na chini ya kigoda chake palikuwa na bomba. Wazo la kugonga halikumjia hata siku moja.

"Kazi yangu ilikuwa kusikiliza," akasema, na papo hapo akaisikia sauti ya Katibu ikitoka mdomoni mwake.

Mwantumu hakumgombeza. Alijitwisha mzigo wake, akauweka sawa.

"Ungegonga hata mara moja," akasema, "ningebaki."

Shaweji akasimama haraka. "Basi baki, mama! Sasa unajua nipo. Nitarudi leo hii, nitagonga, utanisikia. Nitagonga kila siku!"

"Mpwa wangu ananingoja, mwanangu. Nimeshampelekea habari. Nimechoka." Akamwekea jiwe kiganjani, lingali na joto la mkono wake. "Funga mlango ukitoka, mbuzi wasiingie."

Mbuzi hawakuwapo, lakini Shaweji aliitikia. Akamsindikiza kwa macho mpaka kanga yake ikapotea nyuma ya kilima. Alikwenda bila kugeuka, na juu kilimani alipita pembeni mwa doa la buluu la mwisho, hakulikanyaga.

Siku ile, saa ya taarifa, redio ilitangaza kwamba serikali imewasikia wananchi wa Mtaa wa Subira, na kwamba Mheshimiwa Mgumia amewapongeza kwa utulivu wao. Pale ukutani kigoda kilikuwa wazi, na visikilizio vilikuwa juu yake, vinapigwa na jua. Idara haikuona pengo lolote. Msikilizaji ilikuwa naye na mgongaji ilikuwa naye, na wote wawili mpaka leo hawana kosa kazini.

Shaweji alifunga mlango wa Mwantumu. Akapiga magoti mbele ya koki, akainua jiwe. Akagonga wa Mwantumu, akagonga wa Mkasi, wa Baba Ngulupa, wa Chimgege. Mwisho akagonga wa Pazi: kizito, kizito, na kile chepesi. Kisha akaweka sikio lake kwenye koki, akangoja ajibiwe.